Nimeziba gego, wiki ya tatu sasa bado linauma nikitafuna. Ning'oe?

Mkwezi
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa mwenye uzoefu, na kama kuna daktari wa meno humu ndani nitashukuru zaidi.

Nilikuwa na gego la chini upande wa kulia limetoboka. Halikuwa linauma sana, ila chakula kilikuwa kinaingia, na maji ya friji yalikuwa yananishtua. Nikaenda kliniki moja hapa Morogoro, wakapiga picha, daktari akasema tundu halijafika kwenye mshipa, jino linazibika. Akachoma ganzi, akachimba, akaziba kwa ile dawa nyeupe inayokaushwa na taa ya bluu. Akaniambia ng'ata, nikang'ata. Akauliza liko sawa? Nikasema sawa.

Jioni ganzi ilipoisha ndipo shida ikaanza. Nikitafuna upande huo napata mchomo mkali, nikiacha kutafuna unakata. Maji baridi nayo yananishtua, lakini sekunde chache tu. Usiku nalala vizuri. Diklofenaki inatuliza, ikiisha nguvu hali inarudi ile ile. Nimehamia kutafunia kushoto mpaka taya la huko limechoka.

Nyumbani wananiambia nimepoteza hela, jino likishatoboka dawa yake ni kung'oa. Mzee wangu kamaliza magego karibu yote kwa mtindo huo, na namwona anavyohangaika na nyama. Nina miaka 31, sitaki kufika huko. Nifanyeje?

Kipanga wa Kilosa
Pole sana mkuu. Jino likishaanza kusumbua halirudi. Mimi niliziba, likauma, nikang'oa, leo nina amani. Usijitese.

MamaMapacha
Pole kaka. Hao ni wadudu wamebaki ndani. Nenda duka la dawa uchukue amoksilini na flajili, meza kama siku tatu hivi uone. Mimi zilinisaidia.

Karafuu ya Wete
Pole ndugu yangu. Huku Pemba jino likiuma tunatia mafuta ya karafuu kwenye pamba, unabana nayo kidogo, maumivu yanatulia. Wazee wetu wote walitumia.

Tabibu wa Kinywa
Mkwezi, pole. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya, na kisa kama chako kinaingia mlangoni kwetu kila mara. Tafadhali usiling'oe hilo gego kabla halijapimwa tena. Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu kuna meno mengi ambayo yangeweza kudumu miaka yanaishia kwenye ndoo, kisa mgonjwa hakuambiwa kwamba maumivu baada ya kuziba yana aina zake, na kila aina ina sababu yake.

Jino lina enameli juu, ngumu na isiyo na hisia. Chini ya enameli kuna dentini, na dentini imejaa mirija isiyoonekana kwa macho, makumi ya maelfu katika milimita moja tu ya mraba, na ndani ya mirija hiyo mna majimaji. Katikati ndiko kilipo kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hicho ndicho watu wengi wanaita mshipa wa jino. Miaka ya 1960 mtaalamu wa Sweden, Martin Brännström, alionyesha kwamba baridi au upepo ukigusa dentini iliyo wazi, yale majimaji yanasogea ndani ya mirija, na kiini kinakusikia kule kusogea kama maumivu.

Daktari anapochimba anafungua mirija hiyo na kukichokoza kiini. Kiini chenye afya kinakasirika kidogo, kisha kinatulia chenyewe. Kwa hiyo jino kushtuka kwa baridi kwa siku kadhaa, pengine hata wiki mbili mpaka nne kama tundu lilikuwa limeenda chini, si jambo la kuogopesha. Alama yake nzuri ni kwamba inakuja ukigusa baridi, inaondoka baada ya sekunde chache, na kila wiki inakuwa nafuu kuliko wiki iliyopita. Maelezo yako ya maji baridi yanaingia hapa, na umenipa matumaini uliposema usiku unalala.

Sasa kule kuuma ukitafuna, tena tangu jioni ile ile ganzi ilipoisha. Hapo kitu cha kwanza ninachokishuku ni kwamba dawa imezidi kimo. Fikiria hali ilivyokuwa: umelala kwenye kiti, taya na ulimi vimekufa ganzi, mdomo umechoka kwa kuachama. Ukiambiwa ng'ata, huwezi kung'ata kama unavyofanya mezani kwako. Unaulizwa, unajibu sawa, na kwa wakati huo unasema kweli. Lakini meno yakiwa hayana ganzi yanahisi hata kitu chembamba kuliko unywele. Dawa ikizidi kiasi hicho tu, kila ukifumba mdomo gego hilo linatangulia kugusana na la juu na kubeba mzigo wa wenzake. Nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa zinaumia. Diklofenaki haiwezi kuziponya, kwa maana kila mlo zinagongwa upya.

Tiba yake ni ndogo mno ukilinganisha na mateso yake. Daktari anaweka karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno, unang'ata, unasaga huku na huku, na sehemu iliyozidi inabaki na doa. Anaisugua kwa mashine, anarudia mpaka doa lilingane na madoa ya meno mengine. Ni dakika chache, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Wengi wanapata nafuu siku hiyo hiyo, wengine baada ya siku chache maana nyuzi zinataka muda wa kupona.

Jipime leo. Kaa wima, fumba mdomo polepole sana. Meno yote yanakutana pamoja, au hilo linafika kwanza?

Kama si kimo, kuna mengine mawili ya kuangalia. Dawa nyeupe, yaani risini, husinyaa inapokauka, asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake. Ndiyo sababu inatakiwa kuwekwa kwa tabaka za milimita 2 hivi, kila tabaka lipigwe taa, na jino libaki kavu kabisa wakati wote. Ikiwekwa bonge zima, au mate yakapita, dawa haishiki vizuri na unabaki upenyo chini yake. Ukitafuna, dawa inabonyea kidogo, majimaji yanasukumwa, unapata mchomo. Hapo kusugua hakusaidii, inabidi dawa itolewe na jino lizibwe upya.

La pili ni ufa. Hili nataka uliangalie kwa makini: maumivu yanachoma unapobana, au pale unapoachia? Jino lenye ufa ni kama gogo lililopigwa kabari: ukibana vipande vinatanuka, ukiachia vinarudiana, na mara nyingi ni kule kurudiana ndiko kunakochoma zaidi. Ufa hauonekani kirahisi kwenye picha. Daktari anakupa kijiti cha plastiki ung'ate ncha moja moja ya gego mpaka ipatikane inayouma.

Maumivu ambayo hayasubiri ni ya kiini kilichokwisha kuharibika. Yanakuja yenyewe bila kugusa kitu, yanakuamsha usiku, yanazidi ukinywa chai ya moto, na ukigusa baridi yanabaki dakika nzima au zaidi baada ya baridi kuondoka. Hilo linataka kutibiwa mzizi, yaani kutolewa kiini kilichoharibika, au kung'olewa, na kusubiri ni kujiumiza bure. Wewe bado hujaeleza dalili hizo.

MamaMapacha, dada yangu, najua umeshauri kwa nia njema. Ila antibiotiki haishushi dawa iliyozidi kimo, haizibi upenyo, na haitulizi kiini kilichovimba ndani ya jino. Tunaitumia usaha unapoanza kusambaa, kuna uvimbe usoni au homa, na hata hapo chanzo lazima kitibiwe. Kumeza bila kuhitaji, kama tulivyozoea, kunawafundisha vimelea kuzizoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli kwa nimonia ya mtoto huenda isifanye kazi. Huenda jino lako lilitulia lenyewe siku hizo hizo ulizokuwa unameza. Hutokea sana.

Karafuu ya Wete, wazee walikuwa na hoja. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, na yujenoli inatuliza kiini. Hata sisi kwenye dawa ya kuziba kwa muda tunachanganya yujenoli na unga wa oksaidi ya zinki. Lakini mafuta halisi yakigusa fizi yanaunguza. Tena yujenoli inazuia risini kukauka sawasawa, kwa hiyo ukiwa unakwenda kuzibwa upya kwa dawa nyeupe usiyapake, na kama umekwisha kuyapaka mwambie daktari. Aspirini ya kubandika kwenye fizi ndiyo usijaribu kabisa, nimeona vidonda vyake.

Ya kutuliza wakati unasubiri: parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, usizichanganye, na mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo akae mbali nazo.

Na kwa yeyote anayesoma: ukiona uvimbe chini ya kidevu au shingoni, mdomo haufunguki, kumeza mate kunakuwa kazi au pumzi inabana, hiyo si ya kuandikia uzi. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mkwezi
Daktari shikamoo, nimekusoma mara mbili. Nimefumba mdomo polepole kama ulivyosema, kweli hilo gego linafika kwanza, meno ya kushoto yanakuwa bado hayajagusana. Sikuwahi kuangalia hivyo. Maumivu ni ninapobana, si ninapoachia. Naogopa tu nikirudi pale wataniona msumbufu au watanilipisha tena.

Tabibu wa Kinywa
Marahaba. Rudi pale pale, wana picha yako na wanajua tundu lilikuwa na kina gani. Usiseme tu "jino linauma", maana hilo linaweza kuwa lolote. Sema hivi: "Linauma nikibana tangu ganzi ilipoisha, na nikifumba mdomo linatangulia. Naomba mnipimie kimo kwa karatasi." Na upimwe ukiwa umekaa wima, si umelala. Kusawazisha dawa ni sehemu ya kazi ya kuziba. Kliniki nyingi hazitozi kwa hilo, lakini uliza kabla hujaingia kwenye kiti.

Ngano ya Hanang
Asante kwa elimu daktari. Ila mnaongea habari za mjini. Huku kwetu ukienda na jino bovu unaulizwa lipi, linatoka. Kuziba ni kwa wenye uwezo na wenye umeme.

Tabibu wa Kinywa
Ngano, umegusa penye uchungu. Vituo vingi vina koleo la kung'olea lakini havina dawa ya kuziba, na mgonjwa anakuja wakati jino limekwisha kabisa. Hilo ni kweli na linaniuma.

Lakini si kweli kwamba kuziba lazima kuwe na umeme, na sisi Watanzania tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken na wenzake waliokuwa wakifanya kazi hapa nchini, kwenye shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kuziba meno kwa vyombo vya mkono peke yake. Unakwangua sehemu iliyooza, ile laini, unaacha dentini ngumu, kisha unajaza. Hakuna mashine ya kuchimba, mara nyingi hakuna hata sindano. Baadaye dawa iliyotumika zaidi ikawa simenti ya glasi ionoma, ambayo inashika kwenye jino yenyewe na kutoa floraidi taratibu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa dunia nzima. Ilizaliwa hapa, kwa ajili ya vijiji kama cha kwako.

Inafaa zaidi kwa matundu madogo, hasa ya upande mmoja wa jino. Na kwa sababu haitikisi jino wala kulichemsha kwa mashine, malalamiko ya kushtuka kwa baridi baada yake ni machache. Muulize tabibu wa kituo chenu kama anayo simenti hiyo. Wakati mwingine ipo, ila wagonjwa hawaulizi kwa kuwa kila mtu amekuja kung'oa.

Bahari ya Tanga
Mimi nimeziba, halina shida ya baridi wala kubana, ila nyama na mchicha vinakwama kati ya jino hilo na la jirani. Nisipotoa fizi inauma siku nzima. Kabla ya kuziba haikuwa hivyo.

Tabibu wa Kinywa
Hiyo si ya kuzoea. Dawa haikugusana na jino la jirani, umebaki mwanya. Kijiti cha meno kinakupa nafuu ya saa moja, lakini fizi inazidi kushuka na mwanya unakua. Upande huo ujengwe upya, wabane kwa kibati na kabari ndogo ili meno yagusane. Kwa sasa tumia uzi wa meno, acha kuchokonoa kwa pini au njiti ya kiberiti.

Kipanga wa Kilosa
Daktari, na ile dawa ya rangi ya fedha? Nasikia ina zebaki, watu wanaitoa. Ninayo moja, na kijiko kikiigusa nasikia kama umeme.

Tabibu wa Kinywa
Ni kweli ina zebaki, karibu nusu ya uzito wake. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, ulizitaka nchi kupunguza matumizi yake, na sababu kubwa ni zebaki inayoishia kwenye maji na mazingira. Iliyokwisha kukauka mdomoni mwako na haina tatizo usiitoe kwa hofu. Kuitoa ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi, na jino linachimbwa tena.

Huo umeme wa kijiko ni wa kweli: madini mawili tofauti yakikutana kwenye mate unapita mkondo mdogo. Hauna madhara na kwa kawaida hupungua. Madini pia hupitisha baridi haraka, ndiyo maana anayezibwa kwa dawa hiyo huchelewa zaidi kuzoea maji ya baridi. Na asitafune kigumu siku ya kwanza, maana inahitaji kama saa 24 kukomaa, tofauti na nyeupe inayotoka kwenye taa ikiwa tayari.

Mkwezi
Wakuu, nimetoka kliniki. Nilisema maneno ya daktari kama yalivyo. Wakaniweka wima, wakaweka karatasi ya bluu, doa likabaki moja kubwa kona ya nyuma ya dawa. Wakasugua, nikang'ata, wakasugua tena. Hawakunilipisha. Mchana nimekula ugali na dagaa kwa upande wa kulia. Bado kuna kauchungu kwa mbali, lakini ule mchomo haupo. Mzee nimemsomea uzi huu, kasema yale mawili ya chini yaliyobaki hang'oi mpaka yapimwe.

Chungwa la Muheza
Nimefurahi kwa ajili yako kaka. Mimi langu naona ni ile aina mbaya. Limezibwa mwezi uliopita, sasa hivi linaamka lenyewe saa nane usiku, linapwita mpaka sikioni. Chai siwezi, ila nikishika maji ya baridi mdomoni linatulia. Na nina ujauzito wa miezi mitano. Nyumbani wanasema nivumilie mpaka nijifungue, mjamzito hachomwi ganzi. Naomba msaada, silali.

Tabibu wa Kinywa
Pole sana dada yangu, na usivumilie. Jino linalochukia moto na kutulizwa na baridi, tena linaamka lenyewe usiku, mara nyingi kiini chake kinakufa. Kikishakufa maumivu yanaweza kukata ghafla, ukadhani umepona, kumbe usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi. Miezi minne ya kungoja ni mingi mno, na maambukizi yakisambaa yanakuweka hatarini wewe na mtoto kuliko sindano.

Ganzi tunayotumia, lignokeini, mjamzito anachomwa. Picha ya jino moja ina mionzi kidogo sana na inapigwa kwa kujikinga pale inapohitajika. Tena miezi hii ya katikati ndiyo mizuri zaidi kwa matibabu ya meno: kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Mwambie daktari mapema kwamba una ujauzito, na kwenye kiti uwekewe mto chini ya nyonga ya kulia ili uegemee kushoto kidogo, usilale chali.

Dawa yako ya maumivu ni parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni acha, hasa kuanzia wiki ya 20, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Nenda kesho hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize kama wanatibu mzizi. Hata kama kazi yote haitaisha siku hiyo, wakifungua jino na kutoa kiini kilichoharibika, kwa kawaida maumivu yanashuka sana na utalala. Matibabu mengine yanaweza kumaliziwa kwa ziara nyingine. Gego likishatibiwa mzizi hupasuka kirahisi, kwa hiyo mpaka livishwe kofia usivunjie mifupa wala karanga kwa upande huo. Kama mzizi hawatibu na huwezi kusafiri, kung'oa nako kunaruhusiwa katika hali yako, usikubali kurudishwa nyumbani na flajili peke yake. Beba kadi yako ya kliniki ya wajawazito, na kama una mzio wa dawa yoyote uandike kwenye karatasi kabla hujatoka.